Ua Lililodhaniwa Uongo: Habari za Yungiyungi la Manjano la Florida

Mwaka 1838, katika mji wa London, Robert Havell, fundi wa kuchora juu ya mabamba ya shaba, alichapa picha ya 411 ya kitabu kikubwa cha John James Audubon cha ndege wa Amerika. Katika picha ile bata-maji mweupe mwenye shingo ndefu anaelea juu ya maji yaliyotulia. Ndege ndiye aliyekusudiwa. Kitabu kizima, chenye picha 435, ni kitabu cha ndege. Lakini jicho la mtazamaji halikawii kumwacha bata na kuhamia kando yake, palipochanua mayungiyungi. Si meupe, kama yaliyozoeleka katika maziwa na mito ya upande ule wa Marekani, wala si ya samawati, kama wayajuavyo watu wa Afrika Mashariki. Ni ya manjano. Chini ya picha yameandikwa majina mawili, la ndege na la ua. Jina la ua ni Nymphaea flava, yaani yungiyungi la manjano, na baada yake limefuatishwa jina la mtu: Leitner.

Ua lile lilikaa kitabuni karibu miaka 40 pasina kuaminiwa. Wataalamu wa mimea walilitilia shaka. Ilidhaniwa kwamba mchoraji alitaka kumpamba ndege wake, akatafuta rangi ya kuukabili weupe wa manyoya yake, na alipoikosa katika maua ya kweli akaibuni. Picha ilisifiwa kwa uzuri wake, na ua likaachwa upande wa njozi. Habari ya ua hilo, tangu lilipoonekana hadi lilipokubaliwa, ni habari ya ushahidi: nani husadikiwa asemapo kwamba ameona, na huwaje shahidi anapokufa kabla ya kuyamaliza maneno yake.

Kwanza ni vyema kulijua ua lenyewe. Yungiyungi la manjano la Florida ni mmea wa maji baridi, wa vinamasi, maziwa na mito iendayo polepole. Mizizi yake imo matopeni. Majani yake hulala juu ya maji kwa vikonyo virefu. Jani ni la duara lenye mkato upande mmoja. Juu ni kijani chenye mabaka ya hudhurungi, na chini ni rangi ya zambarau iliyoingia wekundu. Ua lenyewe si kubwa: upana wake aghalabu hauzidi sentimita 11, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Petali zake ni za manjano ya kung'aa, na katikati zimesongamana stameni za rangi hiyo hiyo. Ua hili haliamki na jua. Asubuhi limejifumba, hufunguka panapokaribia adhuhuri, na alasiri huanza kujifunga tena.

Maisha ya ua moja, kwa kawaida, ni ya siku mbili, na siku hizo hazifanani. Siku ya kwanza ua ni jike. Katikati yake pana kitu mfano wa kikombe kidogo chenye majimaji, na wadudu waliotoka katika maua mengine wakiwa wamepakwa chavua hutua, wakateleza, wakaoshwa ndani ya majimaji hayo. Baadhi yao huzama wasitoke. Siku ya pili ua ni dume: kikombe kimekauka, stameni zimefunguka, na nyuki na nzi wafikao huondoka na chavua kwenda kwenye maua mengine ambayo hiyo ndiyo siku yao ya kwanza. Kwa njia hiyo ua hujikinga lisijioe lenyewe. Zikisha siku zake, hujifunga, likazama, na tunda hupevuka chini ya maji lisikoonekana. Mbegu zikitoka huelea kwa muda, zikachukuliwa na maji, kisha huzama mahali pengine.

Lakini mmea huu hautegemei mbegu peke yake. Kutoka shinani hutoa vitambaazi virefu vyeupe vipitavyo ndani ya tope, na mwishoni mwa vitambaazi hivyo huota vishada vya viazi vidogo vilivyopinda, mfano wa chane ya ndizi changa. Ndiyo maana Waamerika wengine huliita yungiyungi-ndizi. Bata wa mwituni huvipenda sana viazi hivyo na huvizamia. Kila kiazi kinachokatika na kuchukuliwa na maji ni mmea mpya unaongoja pa kukaa. Jambo hili litakuja kuwa na uzito baadaye katika habari hii.

Ipo sababu nyingine ya kulieleza ua kwa urefu. Wataalamu walioikataa picha ya Audubon hawakuwa wajinga wa maua ya manjano ya majini. Marekani ya mashariki ilikuwa na mawili yaliyojulikana vyema. La kwanza ni la jamii iitwayo Nuphar, lenye ua la mviringo lisilofunguka sana, mfano wa kitufe kilichochomoza juu ya maji. La pili ni yungi la jamii ya Nelumbo, kubwa, lenye majani yanayosimama juu ya maji na tunda lenye matundu kama kichwa cha bomba la kumwagilia. Hilo la pili, ingawa linafanana na mayungiyungi kwa mbali, kwa nasaba ni geni kabisa kwao. Ya jamii yenyewe ya Nymphaea, yaliyofahamika huko yalikuwa meupe. Kwa hiyo mtu akisema ameona yungiyungi la kweli la manjano, ilikuwa rahisi kumjibu kwamba ameona moja katika yale mawili akakosea, au hakuona kitu.

Aliyesema ameona alikuwa Edward Frederick Leitner, kijana wa Kijerumani kutoka Württemberg, aliyefika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1830 akakaa Charleston, South Carolina. Alisomea utabibu, na kama matabibu wengi wa zama zile alikuwa pia mtu wa mimea, kwani dawa na majani zilikuwa elimu pacha. Katika mji ule alijuana na mchungaji John Bachman, rafiki mkubwa wa Audubon, na kwa njia hiyo jina lake likafika kwa mchoraji. Leitner alishuka hadi Florida, rasi ndefu iliyo kusini-mashariki ya Marekani, akaingia sehemu za kusini ambazo wasomi wachache mno walikuwa wamezikanyaga, na kukusanya mimea.

Nchi aliyokuwa akiitembea haikuwa tupu. Wenyewe walikuwa Waseminole, na pamoja nao watu weusi waliokimbia utumwa katika mashamba ya kaskazini wakapata hifadhi katika vinamasi. Hispania iliikabidhi Florida kwa Marekani mwaka 1821. Mwaka 1830 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Waseminole wengi walikataa, na mwishoni mwa mwaka 1835 vita vilianza. Vilidumu hadi mwaka 1842. Maji yale yale yaliyoyabeba mayungiyungi yakawa njia za mitumbwi ya vita na maficho ya wanawake na watoto.

Leitner alirudi Florida katikati ya vita hivyo, safari hii si kwa ajili ya mimea tu, bali akiwa tabibu katika kikosi kilichoongozwa na Luteni Levin Powell wa jeshi la majini. Kuijua kwake nchi ile kulikuwa na faida kwa kikosi. Tarehe 15 Januari 1838, karibu na mlango wa bahari wa Jupiter, upande wa mashariki wa Florida, kikosi kilifuata njia iliyoingia ndani kuelekea mto Loxahatchee, kikakuta Waseminole wakiwangoja. Powell alirudishwa nyuma kwa hasara, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Leitner. Si vyema kulia juu ya mtu huyu na kusahau alikokuwa na alikuwa na nani: alikufa upande wa jeshi lililokuja kuwatoa watu kwao. Wala haimpunguzii mtu chochote kusema kwamba alikuwa na macho mema, na kwamba mengi aliyoyaona yaliondoka naye.

Hapo ndipo mkasa wa ua ulipoanza. Katika elimu ya mimea kuona hakutoshi. Anayetaka kusadikiwa hana budi kuukausha mmea, kuuhifadhi mahali ambapo wengine wataweza kuutazama, kuueleza sehemu kwa sehemu, kuupa jina, na kuyachapisha maelezo yale. Leitner alilitunga jina, kulichapisha hakukuwahi. Aliyelitoa hadharani ni Audubon, kwa maneno machache chini ya picha ya ndege, katika mwaka ule ule wa kifo cha mwenye jina. Hata leo jina lile likiandikwa kwa ukamilifu huandikwa Nymphaea flava Leitn. ex Audubon. Neno lile dogo la Kilatini lililo katikati, lenye herufi mbili tu, lina maana kwamba mtungaji ni mmoja na mtangazaji ni mwingine. Msomaji asiyejua habari hupita juu yake. Ajuaye huona kwamba ndani ya herufi mbili hizo pana mtu aliyekufa.

Na mtangazaji mwenyewe hakuwa shahidi asiye na doa. Mwaka 1818, Audubon alipokuwa mfanyabiashara katika mji wa Henderson, Kentucky, alitembelewa na mtaalamu wa viumbe Constantine Rafinesque, mtu wa pupa ya kuvipa majina vyote avionavyo na hata avisikiavyo. Audubon mwenyewe amesimulia jinsi mgeni huyo alivyoishika fidla yake usiku akaitumia kuwapigia popo chumbani hadi ikavunjika. Ikiwa ni kulipiza au ni mzaha tu, Audubon alimweleza mgeni habari za samaki ambao hawajapata kuwapo, mmoja wao akiwa na magamba yasiyopenywa na risasi. Rafinesque aliyaandika yote, na mwaka 1820 akayaingiza katika kitabu chake cha samaki wa mto Ohio kana kwamba ni samaki waliovuliwa. Tena katika ndege zake mwenyewe Audubon alichora tai mkubwa aliyempa jina la Washington, na tai huyo hakuna aliyempata. Na picha yake ya nyoka aliyepanda mti na kuvamia kiota cha ndege ilimletea maadui waliomwita mzushi.

Kwa hiyo waliomtilia shaka walikuwa na sababu. Mtu mwenye kucheza na ukweli hulipa siku anaposema kweli, maana hapo huwa hana wa kumdhamini. Hata hivyo ubaya wa jambo hili ni kwamba malipo hayakumwangukia yeye, aliyekuwa maarufu na aliyekula matunda ya umaarufu wake hadi alipofariki mwaka 1851. Yalimwangukia Leitner, ambaye hajulikani kuwa aliwahi kubuni hata jani. Ushahidi wa mkweli ulipitia mkono wa mtani, ukafika kwa watu ukiwa umechafuka.

Na ajabu zaidi ni hii: wakati ua lilipokuwa likikanushwa, maelezo yake yalikwisha kuchapishwa kwa jina jingine, katika nchi nyingine. Mwaka 1832, miaka sita kabla ya picha, Joseph Gerhard Zuccarini wa München, Ujerumani, alikuwa ameeleza yungiyungi la manjano lililotoka Mexico, akaliita Nymphaea mexicana. Mmea ule ule huota katika nchi zinazoizunguka Ghuba ya Mexico, kutoka Mexico yenyewe hadi Texas na Florida. Lakini aliyekuwa na kitabu cha Zuccarini hakuwa akiifikiria picha ya bata-maji, na aliyeitazama picha ya bata-maji hakuwa akiifikiria Mexico. Ukweli ulikuwa umewekwa katika masanduku mawili, na funguo zake zilikuwa mikononi mwa watu wasiojuana. Baadaye, ilipobainika kwamba ua ni moja, jina la Zuccarini ndilo lililosimama, kwa sababu katika kanuni za majina ya mimea aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye haki. Jina la Leitner likabaki jina la kando.

Aliyeyafungua masanduku alikuwa mwanamke. Mary Treat, aliyezaliwa mwaka 1830 na kuishi Vineland katika jimbo la New Jersey, hakuwa na cheo katika chuo chochote. Baada ya kutengana na mumewe alijipatia riziki kwa kuandika makala na kwa kukusanya mimea na wadudu kwa ajili ya wataalamu. Alichokuwa nacho ni subira. Aliweza kukaa kitako mbele ya mmea mmoja unaokula wadudu, saa baada ya saa, kuangalia mtego wake unavyofunga. Charles Darwin aliandikiana naye barua, na katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea ilayo wadudu alizitaja kazi zake. Asa Gray wa Harvard, mkubwa wa wataalamu wa mimea Marekani kwa wakati ule, pia alikuwa akiandikiana naye.

Katika miaka ya 1870 Treat alikuwa akishuka Florida wakati wa majira ya baridi na kukaa kando ya mto St. Johns. Mto huo una tabia ya kipekee: hutiririka kuelekea kaskazini, na mteremko wake ni mdogo mno kiasi kwamba mahali pengi hupanuka na kutulia kama ziwa. Ni maji ambayo yungiyungi lingeyachagua kama lingepewa kuchagua. Humo ndimo alimoyaona, si kwenye karatasi bali majini, yenye mabaka katika majani yake na manjano katika petali zake, kama yalivyochorwa. Mwaka 1877 alichapisha habari zake katika jarida la Harper's la New York, akiliita ua kwa jina la Nymphaea lutea, lenye maana ile ile ya manjano. Tangu hapo hapakuwa tena na sababu ya kusema kwamba Audubon alibuni. Wahenga wa pwani walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. La yungiyungi hili lilikuwapo siku zote. Lililokuwa njiani ni macho ya kuliona.

Baada ya kuthibitishwa, ua halikukaa kwao. Katika kijiji cha Temple-sur-Lot, kusini-magharibi ya Ufaransa, Joseph Bory Latour-Marliac alikuwa ameanzisha shamba la mimea ya majini mwaka 1875. Mayungiyungi ya Ulaya yaliyoweza kustahimili baridi karibu yote yalikuwa meupe, na Marliac alitaka rangi. Kutoka kwa yungiyungi la Florida alipata manjano. Mwaka 1879 alitoa mmea mdogo sana, mtoto wa yungiyungi la manjano na lile jeupe dogo la nchi za kaskazini liitwalo tetragona. Akauita Helvola. Ua lake halizidi sana sentimita 5, na majani yake yenye mabaka huweza kuenea katika beseni. Halizai mbegu, kila Helvola iliyopo duniani imetokana na kugawanywa kwa shina la nyingine. Mwaka 1887 alitoa jingine kubwa zaidi, Chromatella, la manjano ya siagi.

Mwaka 1889, katika maonyesho makuu ya Paris, yale yale ambayo kwa ajili yake ulijengwa mnara wa Eiffel, mayungiyungi ya Marliac yalionyeshwa hadharani, na miongoni mwa walioyapenda alikuwa Claude Monet. Mwaka 1893 Monet alinunua kiwanja kando ya nyumba yake ya Giverny akachimbisha bwawa, na mwaka uliofuata alinunua mayungiyungi kwa Marliac. Sehemu kubwa ya umri wake uliobaki aliimaliza mbele ya bwawa lile. Picha zake kubwa za mayungiyungi ziliwekwa katika jumba la Orangerie, Paris, mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake. Hivyo ua lililokuwa likidhaniwa kwamba si kitu ila rangi katika mkono wa mchoraji lilikwenda likachanua kweli, likazaa, na uzao wake ukarudi katika mikono ya wachoraji. Safari hii hakuna aliyeuliza kama lipo.

Lakini kila kinachopendwa huchukuliwa, na kila kinachochukuliwa hufika pasipo pake. Yungiyungi la manjano lilipelekwa Afrika Kusini kupamba mabwawa ya bustani. Lilitoka bustanini. Vile viazi vidogo vya mfano wa ndizi, ambavyo kwao huliwa na bata, huko vilipata maji yasiyo na mlaji aliyewazoea, na mmea ukaenea katika mito na malambo, ukafunika uso wa maji na kuwanyima mwanga viumbe wa chini. Sheria za Afrika Kusini zinalihesabu kuwa ni mmea mvamizi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes wamekuwa wakichunguza wadudu wa kwao wanaoweza kulipunguza. Ua moja, basi, limewahi kuwa uongo, likawa ajabu, likawa pambo, likawa gugu. Nalo lenyewe halikubadilika hata petali moja. Kilichobadilika ni walitazamaye na mahali anaposimama.

Bara la Afrika halikuhitaji kuletewa mayungiyungi. Linayo yake ya asili, na hata ya manjano yamo: Tanzania bara kuna lile lililopewa jina la stuhlmannii, kwa kumbukumbu ya Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyefuatana na Emin Pasha katika safari ya mwaka 1890. Na katika mwaka ule ule wa 1877, ambao makala ya Mary Treat ilitoka New York, Robert Caspary wa Königsberg alichapisha katika jarida la mimea la Kijerumani maelezo ya yungiyungi la samawati, akaliita Nymphaea zanzibariensis. Baadaye Bernard Verdcourt wa bustani za Kew aliliweka kuwa namna moja ya Nymphaea nouchali, spishi ambayo jamaa zake wameenea kutoka Bara Hindi hadi Afrika, kama kwamba nalo lilizijua njia za bahari hiyo.

La Unguja lilipita bila ya ubishi. Lilifika kwa mtaalamu, likaelezwa, likachapishwa. Lakini maua haya mawili ya mwaka 1877 yana jambo wanaloshirikiana. Kisiwani ua lile lilikuwa likiitwa yungiyungi, na wenye visima, mabonde ya mpunga na madimbwi walijua huota wapi na huchanua lini. Florida nako Waseminole walipiga makasia katikati ya manjano yale miaka mingi kabla ya Leitner kushuka na miaka mingi baada ya yeye kuanguka. Kwao ua halikupotea wala halikugunduliwa. Miaka 40 ya shaka ilikuwa ni miaka 40 ya shaka vitabuni tu. Lau aliyetaka kujua angeweza kuwauliza, wangemwonyesha kwa kidole. Lakini waliokuwa wakiuliza walikuwa huku wakiwafukuza waliokuwa na jibu.

Kwa wapenzi wa ushairi hapa pana la kuzingatia. Mshairi naye huonekana kama Audubon: watu husifu rangi yake, na anapotaja mti, ndege au upepo kwa jina, hudhaniwa kwamba amelitafuta kwa ajili ya vina. Mara nyingi ndivyo. Lakini mara nyingine jina lile ni ushahidi wa mwisho wa kitu kilichoonwa na mtu ambaye hayupo tena, kwenye bonde lililokwisha fukiwa, na hakuna mahali pengine lilipoandikwa ila katika ubeti ule. Anayeupuuza kwa kuwa ni mzuri huenda anarudia kosa la wale walioupuuza mchoro kwa kuwa ulikuwa mzuri. Uzuri si dalili ya uongo.

Leitner hakuachwa mikono mitupu kabisa. Mwaka 1860 Alvan Wentworth Chapman, mtaalamu wa mimea aliyeishi Florida, aliupa mti mmoja mdogo wa vinamasi jina la Leitneria. Mti huo hauna ua la kutazamwa, na mbao yake ni nyepesi kuliko ya mti mwingine wowote wa Amerika ya Kaskazini, hata wavuvi wakaitumia kwa maboya ya nyavu zao. Ni kumbukumbu ya kufaa kwa mtu ambaye neno lake lilielea muda mrefu pasi na wa kuliokota.

Na yungiyungi la manjano lingali likichanua katika maji ya Florida kwa desturi yake. Asubuhi limejifumba, na anayepita kwa mtumbwi saa hizo huona majani yenye mabaka na vitumba vya kijani basi. Akirudi nyumbani akasema kwamba hakuna ua la manjano mahali pale, hasemi uongo. Amepita tu kabla ya adhuhuri.